Kiti Alichokifuta Baba

Wiki ya tatu bila usingizi, baba yangu alianza kusinzia huku anaongea. Anakupa habari za mvua ya mwaka fulani, katikati ya neno kichwa kinaanguka, na kabla hujahesabu tano anashtuka akitafuta hewa mdomo wazi, macho yamemtoka. Halafu anaendelea na mvua yake palepale alipoiachia, kwa sababu Mzee Stanley hakuwa mtu wa kuacha maneno njiani. Mimi ni binti yake, naitwa Loisi, na wiki zote hizo tatu nilikuwa nashtuka naye kila aliposhtuka.

Daktari wa hospitali alisema wazi. Moyo umechoka, maji yanapanda kwenye mapafu, dawa zitasaidia kiasi. Asilale chali hata mara moja. Alale akiwa nusu ameketi, kifua juu, miguu imeinuliwa kidogo. Alilisema hilo kwa wepisi, kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda posta. Nilipomuuliza baba amebakiza muda gani akajibu kwamba mambo ya muda ni ya Mungu, ila mzee asipopata usingizi moyo hautasubiri. Hapo tukaelewana.

Kulala nusu umeketi ni jambo rahisi mpaka ulijaribu. Tulipanga mito mitano kitandani, akateleza. Tukaegemeza godoro ukutani, akateleza. Kitanda cha hospitali, kile cha kuzungusha mpini, alikikataa kabisa kwa sababu mama alifia kwenye cha aina hiyo. Nikanunua kochi jipya la kulalia kwenye duka la barabarani, lile la kuvuta kamba, likamrusha chali miguu juu kama mbuzi anayesubiri kisu, na siku ile nusura tumpoteze. Kwa hiyo alibaki kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya meza, kichwa juu ya mikono, miguu ikivimba mpaka kandambili zikagoma kuingia. Ndivyo alivyoishi usiku na mchana, sebuleni kwangu Chimwaga, mbele ya televisheni ambayo hakuna aliyekuwa anaitazama.

Ndipo asubuhi moja akainua kichwa mezani akataja kiti.

Lazima niseme kwamba baba alifanya kazi miaka kumi na tisa kwa Daktari Nils, daktari wa mifugo kutoka Denmaki, kwenye mradi wa ng'ombe uliokuwa karibu na kwetu Mlali. Alipika, akafua, akapiga pasi, akatunza funguo. Sisi watoto wanne tulivaa na kusoma kutokana na nyumba ile ambayo hatukuwahi kuvuka mlango wake wa mbele. Daktari aliondoka mimi nikiwa darasa la sita, na vyombo vyake vikaondoka naye.

"Kile kiti cha Daktari," baba akasema, "mtu analala ameketi. Kifua kinabaki juu, miguu inapanda, na hakitelezi."

Akanieleza kwa mikono kilivyokuwa. Ngozi rangi ya asali, mti mwekundu, kibao chembamba chini ya mkono wa kulia chenye matundu matano ya kupandisha na kushusha mgongo, na kistuli chake cha kuwekea miguu. Alipapasa hewa kama anakipapasa chenyewe. Nilimtazama nikaamini kwamba mgongo wake ndio uliokuwa unakumbuka. Nikaapa moyoni kwamba kiti kile nitakipata, hata niuze kichwa changu.

Kumbe viti hivyo vina jina. Vilibuniwa na bwana mmoja wa hukohuko, marehemu sasa, jina lake siliandiki kwa sababu mpaka leo siwezi kulitamka. Vinauzwa mtandaoni, vya mtumba, na kuna watu wanaviabudu. Nilipoona bei ya Ulaya niliweka simu kifudifudi nikaenda kunywa maji. Lakini hapa nchini wageni huja na vyombo vyao, wakihama huviacha, na wapo wanaoishi kwa kuviuza kupitia simu. Kazi yangu ni masijala ya chuo. Mkono mmoja ulikuwa unafungua majalada, mwingine unapekua picha za fenicha. Cornel, mume wangu, ni mwalimu wa hesabu na anapenda kila jambo liwe na jawabu. Aliniambia kwa upole kwamba mgonjwa hahitaji kiti cha mbunifu. Nikamjibu vibaya mbele ya jirani, na radhi sijamwomba.

Nilichojifunza haraka ni kwamba mwongo wa mtandaoni ana picha nzuri kuliko mkweli. Kila kiti ni orijino, kila muuzaji anamcha Mungu. Ningeliwa mchana kweupe, ila nilikuwa na baba. Nikimwekea picha mbele ya macho anakunja uso, anasema hiki siyo, hapa skrubu zinaonekana, kwenye cha kweli zimezibwa kwa vipande vya mti. Hiki nacho siyo, mshono wa ngozi umepita juu ya goti, kwenye cha kweli unapita chini ili usikwaruze mguu. Mtu aliyeishia darasa la nne, anahema kama amepanda mlima, anavikataa viti vya watu wa Dar es Salaam kimoja baada ya kingine. Nilijivuna, siwezi kuficha. Tulivikataa viti kumi na kimoja.

Cha kumi na mbili kiliwekwa na dada mmoja aitwaye Asma, anayeuza vyombo vya wageni wanaohama. Picha ilikuwa mbovu, imepigwa ndani ya stoo, kiti kimebebeshwa maboksi. Bei ilikuwa ya kiti cha kawaida tu. Baba aliitazama muda mrefu, akasema aulizwe kama chini kuna alama ya ndege.

Nikampigia Asma kwa video. Hakuwa mtu mbaya. Nilimweleza ukweli wote, moyo, mapafu, meza, naye akasema pole kwa sauti ya mtu ambaye wateja wake wote wana wagonjwa. Kisha nikafanya kosa ambalo hata sasa nikilikumbuka najing'ata. Nilimpa baba simu.

Asma akamwamkia shikamoo, baba akaitikia marahaba, wakaulizana habari. Baba akamwomba ashushe maboksi, akigeuze kiti, aondoe mto, apitishe kidole kwenye ubao wa nyuma, upande wa kushoto, pale palipolainika. Dada wa watu akatii. Akawasha tochi. Ndege alikuwepo, mwenye mdomo mrefu, amechomwa kwa chuma cha moto, na namba chini yake.

"Ndicho," baba akasema. "Mwanangu, hicho ni cha kweli kabisa. Usikirundikie tena maboksi. Hata kwao Ulaya hawana vingi."

Kesho yake bei ilikuwa imepanda mara sita.

Niambie ni mtu gani anamfundisha muuzaji kwamba mali yake ina thamani kuliko anavyodhani. Ni baba yangu. Kwake yeye kitu kizuri kilikuwa kinadharauliwa, akakitetea, na nilipomweleza matokeo akashangaa kwamba nimekasirika. Akasema bei ya kwanza ilikuwa ni kumwibia yule binti. Nilitoka nje nikalia nyuma ya simtanki la maji. Nikampigia Asma nikamtukana, nikampigia tena nikamwomba msamaha. Akasema kuna mwenye hoteli anakitaka, lakini kwa heshima ya mzee atanisubiri mpaka Ijumaa. Alhamisi niliuza kiwanja changu cha Ntyuka, nilichokilipia kidogo kidogo miaka minne, kwa mtu aliyeniona usoni kwamba sina nafasi ya kuvutana naye. Cornel nilimwambia baada ya kusaini. Baba sikumwambia.

Kiti kilifika Jumamosi mchana kwa Fuso la mizigo, kimefungwa kwa mablanketi na nailoni kama maiti ya mtu mkubwa. Siku zile mbili za kusubiri baba alikuwa ameanza kuchanganya majina. Aliniita kwa jina la mama. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na alipovuta pumzi kulikuwa na sauti ya chungu kinachotokota mbali. Niliposikia honi nje nilikimbia bila viatu.

Tulikifungua sebuleni, mimi na Cornel. Nasema kweli, hata Cornel alikizunguka mara mbili. Kilikuwa kimezeeka vizuri, ngozi imekolea pale watu walipoweka mikono, mti unang'aa kwa ndani. Ukikitazama unaona kwamba kuna mtu aliwahi kukaa chini na kufikiria mgongo wa binadamu mwingine kwa muda mrefu. Nikamgeukia baba.

Baba alikuwa amesimama. Alikuwa na siku tisa hajasimama bila kushikwa. Aliomba shati lake la mikono mirefu, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, na mimi, mjinga mimi, nikadhani ni furaha. Akaomba kitambaa laini na mafuta ya alizeti kidogo kwenye kisosi. Akaanza kukifuta kiti. Alianza na mkono wa kulia, akafuata wa kushoto, akapitisha kidole kwenye yale matundu matano, akainama mpaka kwenye miguu. Tulimsihi apumzike, hakusikia. Pumzi ilipomwishia alijishikilia kwenye mgongo wa kiti, lakini kwa nje, kwa nyuma, kama anayeshika mlango ili wengine wapite.

Nikamwambia, "Baba, kaa sasa."

Akatazama mlangoni. "Anakuja nani?"

Nikamwambia hakuna anayekuja, ni kiti chake, nimemnunulia yeye alale. Akacheka. Alicheka kweli, mpaka kikohozi kikamkamata, na kilipomwachia akatikisa kichwa. Akasema kile ni kiti cha Daktari. Nikasema Daktari yuko kwao au yuko kaburini, na hiki hata siyo kile chenyewe. Akasema anajua, lakini ni kilekile.

"Lakini ulikuwa unakikalia, baba. Uliniambia mtu analala ameketi."

"Daktari alikuwa analala, kila siku baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa naona."

"Na wewe?"

"Miaka kumi na tisa nimekifuta. Sijakikalia hata mara moja."

Sikuelewa kwanza. Nikamuuliza kama alikatazwa, akasema hapana, Daktari mwenyewe alimwambia zaidi ya mara moja, Stanley, kaa upumzike, yeye akakataa. Nikamuuliza kwa nini, na sauti yangu ilishapanda, jirani walisikia.

"Loisi, kile kilikuwa jembe langu. Nimewasomesha nacho. Wewe umeona wapi mtu amekalia jembe lake?"

Basi nilipasuka. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia ni utumwa, nilimwambia Mzungu yule alimroga, nilimwambia habari ya kiwanja. Nilipotaja kiwanja uso wake ulianguka, akasema taratibu kwamba ningemuuliza. Na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu nilimuuliza kila kitu, skrubu, mshono, ndege, namba, nikaacha kumuuliza swali hilo moja. Sote wawili tulikuwa tunakijua kiti kile vizuri, na hakuna hata mmoja aliyemjua mwenzake.

Nikapiga magoti nikamwomba. Nikamwambia atakufa. Akasema anajua. Nikamwangalia Cornel, Cornel akaelewa, tukamwinua mzima mzima, mimi kwapa hili, yeye kwapa lile, tukamkalisha. Hakupigana. Alikaa kwenye ukingo kabisa, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye ofisi ya mkubwa. Jasho likamtoka. Ile sauti ya kutokota ikapanda kifuani, macho yakaanza kutafuta mlango, na katika dakika mbili alikuwa amejitelezesha mpaka sakafuni, anahema, ananiomba mimi msamaha. Mimi ndiye niliyeombwa msamaha.

Tulimketisha kwenye kigoda, mgongo ukutani. Cornel akaenda kuleta maji. Mimi nguvu ziliniishia palepale. Nilikuwa nimesimama karibu na kiti, nikajikuta nimekaa ndani yake, nikalia kama mtoto mdogo, kwa sauti, bila kufunika uso. Na kiti kikanipokea. Naona aibu kulisema hilo, lakini mwili wangu uliochoka wiki tano ulipokelewa, kiuno, mabega, shingo, na kwa mara ya kwanza nikajua kile alichokuwa anakieleza.

Nilipofumbua macho baba alikuwa amesogeza kigoda. Alikuwa kando yangu, mkono wake uko chini ya mkono wa kiti, anatafuta. Akavuta kile kibao, mgongo ukashuka taratibu mpaka tundu la tatu, ukakaa. Akavuta kistuli cha miguu, akanishika kifundo kimoja, akakiweka juu, akashika na cha pili. Baba yangu mzazi. Nilitaka kuruka.

"Tulia," akasema. "Tundu la tatu ndilo zuri. Uko sawa, mama?"

Alikuwa akiniita mama tangu nazaliwa, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Nikasema niko sawa. Akakitazama kiti kikiwa na mtu ndani yake, akanitazama mimi, na uso wake ukalegea. Sijui nieleze vipi. Ulikuwa uso wa mtu aliyemaliza vyombo, amefunga jiko, na hakuna anayemwita tena. Akaegemea ubavu wa kiti, kifua kimenyooka, akalaza kichwa chake pembeni juu ya magoti yangu. Nikasubiri ashtuke. Nikahesabu tano, nikahesabu hamsini. Alikuwa amelala.

Alilala mpaka jua likashuka. Cornel alisimama mlangoni na kikombe cha maji mpaka akachoka, akakinywa mwenyewe. Miguu yangu ilikufa ganzi, haja ndogo ikanibana, sikusogea. Ile sauti ya chungu kifuani kwake ilikuwa imepungua.

Baada ya hapo hakukuwa na namna nyingine. Tulijaribu kumkalisha Cornel, baba hakulala. Tulijaribu kukiacha kiti kitupu yeye aegemee peke yake, hakulala. Kwa hiyo niliomba likizo yangu yote, nikawa nakaa kwenye kile kiti kuanzia mchana, miguu juu kama bosi, na baba yangu mgonjwa chini kwenye kigoda, kichwa magotini kwangu. Kila siku kabla ya kulala alinifungia tundu la tatu. Kila siku niliona aibu upya, na kila siku nilikaa.

Jumapili ya pili alikuja shangazi Anna kutoka Mlali, dada yake baba wa kufuatana, kumwona mgonjwa kabla mambo hayajaharibika. Hakuna aliyetuambia anakuja. Alisukuma mlango na kapu la karanga kichwani, akaanza salamu yetu ya Kigogo, "Mbukwenyi", na neno likamfia mdomoni. Alichokiona alikiona kwa macho yake mawili, na mimi ningekiona vilevile. Mtoto wa kike amejilaza kwenye kiti cha ngozi, miguu hewani, na kaka yake yeye shangazi, aliyemzidi miaka mitatu tu, anayekata roho, amewekwa chini miguuni pake.

Akashusha kapu. Akaniuliza kama hivi ndivyo tunavyofundishwa chuoni. Akasema Mlali walimwambia nimeuza kiwanja ninunue makochi ya kifahari, akabisha, akagombana na watu kwa ajili yangu. Akasema mama yangu ana bahati kwamba amekufa. Akasema nikifika msibani nisithubutu kushika hata jembe la udongo. Alilisema hilo lote kwa sauti ya chini, kwa sababu alikuwa mbele ya mgonjwa, na kwa hiyo kila neno lilifika. Halafu akasimama, mikono kiunoni, akisubiri niteremke.

Baba alikuwa na saa moja tu tangu apate usingizi. Nilijua nikifungua mdomo kujieleza sauti itatoka na machozi, magoti yatatetemeka, naye ataamka.

Nikamtazama shangazi machoni, nikabaki nimekaa.